Raha ya Asiyeuliza

Waswahili wana msemo kwamba ukimchunguza sana bata hutamla. Maana yake ni wazi kwa kila aliyewahi kumtazama ndege huyo akichakura katika matope na maji machafu ya mfereji: atakaye kitoweo na akile kwa raha, asifuate kilikopita. Na hao hao Waswahili wana msemo mwingine, kwamba kuuliza si ujinga. Misemo hii miwili imekaa vinywani mwetu miaka mingi bila ya kugombana, kwa sababu kila mmoja wetu huutwaa ule unaomfaa kwa saa ile. Anapotaka kumsifu mtoto aliyeuliza vizuri chuoni husema huu. Anapotaka kumnyamazisha mkewe aliyeuliza asilotaka kujibu, husema ule.

Katika makala haya twataka kuikutanisha misemo hiyo ana kwa ana, tuone ni upi utakaosimama. Wala hatupendi kufanya hivyo hewani, bali mahali penye vumbi na watu: Tunduma, mji wa mpakani katika mkoa wa Songwe, ambako kuchagua baina ya kujua na kutojua kumekuwa, kwa muda wa miaka arobaini hivi, ni kuchagua baina ya uhai na mauti.

Si kwamba twawadharau wenye falsafa. Ibn Tufail, tabibu na mwanachuoni wa Andalusia aliyefariki mwaka 1185, alitunga kisa cha Hayy bin Yaqdhan, mtu aliyekulia peke yake kisiwani, akaifikia haki kwa kutazama na kutafakari tu, asiwe na mwalimu. Mwishoni mwa kisa mtu huyo alikwenda kisiwa cha pili chenye watu, akajaribu kuwafunza aliyoyajua. Wakamchoka. Naye alipoona hivyo akawataka radhi, akawaacha katika utulivu wao, akarejea kwake. Twaona basi kwamba hata mwanachuoni mkubwa kama yule hakuthubutu kusema kuwa kila mtu yampasa aulize kila kitu. Raha ya asiyeuliza ina watetezi wenye akili zao, na atakaye kuipinga hana budi kuwasikiliza kwanza.

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Tunduma hupita Mbozi, nchi ya kahawa na ya Wanyiha. Huko, upande wa Ndolezi, katika kilima cha Marengi, kiko kile kimondo mashuhuri: donge la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi, na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Kiasi cha sehemu 90 katika 100 zake ni chuma, na zilizobaki karibu zote ni nikeli. Wenyeji walikuwa wakikijua tangu enzi za mababu. Mwaka 1930 akafika mpima ardhi mmoja kutoka Johannesburg, jina lake William Nott, na kwa yeye habari zikaenea ng'ambo. Wakati ule ilikuwa ikionekana sehemu ya juu tu. Udongo ukachimbwa pande zote mpaka umbo lote likatokeza. Mwaka uliofuata mtaalamu wa madini aitwaye Grantham alitaka kipande cha kuchunguza, na chuma kile kikamshughulisha kwa msumeno saa nyingi kabla ya kukubali kumpa kipande kidogo.

Wanyiha ni watu ambao zamani walikuwa wakiyeyusha chuma wenyewe katika tanuri za udongo; chuma hawakukijua kwa kusimuliwa. Walakini haikukutwa kwao hadithi yoyote ya siku kilipoanguka, na wataalamu huichukua hali hiyo kuwa ni dalili kwamba kilianguka zama za kale mno, kabla ya kumbukumbu za watu wa leo.

Tumeleta habari za kimondo kwa kuwa ni mfano mzuri wa swali jepesi. Aliyeuliza kimetoka wapi amepata jibu la ajabu, kwamba hakikuzaliwa na ardhi hii. Asiyeuliza amekiegemea akapumzika baada ya kulima, naye hakupungukiwa na kitu. Jibu lile halikumtaka mtu yeyote abadili mwenendo wake, halikumvunjia mtu ndoa wala kumnyima usingizi. Lau maswali yote ya dunia yangekuwa ya namna hii, ugomvi wa misemo ile miwili usingekuwapo: mwenye kupenda angeuliza, na mwenye kupenda angelala. Lakini njia haiishii Ndolezi. Mbele yake, mpakani, ndiko liliko swali lenye gharama.

Tunduma ni mlango. Upande huu ni Tanzania, upande wa pili ni Nakonde ya Zambia. Barabara itokayo Dar es Salaam hufika hapa baada ya kilomita zaidi ya 900. Reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, huvuka hapa ikielekea Kapiri Mposhi. Shaba ya Zambia na ya Kongo hupita ikienda bandarini, na mafuta na bidhaa za kila namna hupita zikienda bara. Mwaka 2019 ilifunguliwa forodha ya pamoja ya nchi hizi mbili ili malori yasikaguliwe mara mbili. Hata hivyo foleni za malori bado si jambo la kumshangaza mwenyeji. Dereva aliyekwama siku mbili tatu katika foleni, mbali na nyumbani kwake, ana fedha mfukoni na hana la kufanya. Na palipo na watu wa hali hiyo hapakosi nyumba za kulala wageni, wala vilabu, wala wasichana waliotoka vijijini kutafuta riziki. Hatusemi haya ili kuutukana mji. Tunduma ina misikiti na madrasa, ina wafanyabiashara wanaokula kwa jasho lao. Twasema kwa sababu Ukimwi katika nchi zetu ulisafiri kwa magurudumu.

Wagonjwa wa kwanza katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kutoka kaskazini gonjwa likateremka kwa njia za biashara. Na kutoka kusini, kwa njia hizo hizo, likapanda jamaa yake. Wataalamu waliochunguza damu za watu katika mkoa wa Mbeya, ambao mpaka mwaka 2016 ulikuwa ukiikusanya na nchi hii tuiitayo leo Songwe, walikuta virusi vya aina tatu vikikutana na kuchanganyika: ile aina C iliyotapakaa katika nchi za kusini, na zile A na D zijulikanazo zaidi upande wa Uganda na Kenya. Ramani ya njia za malori ilikuwa ikisomeka katika damu.

Sasa tumsikilize mtetezi wa kutojua, naye tumpe haki yake yote.

Kipimo cha kuvitambua virusi hivi kilianza kutumika duniani mwaka 1985. Dawa ya kuwaweka watu hai haikupatikana kwa walio wengi wa Afrika Mashariki ila baada ya miaka 20 hivi. Katika muda ule wote, mtu aliyepimwa akaambiwa vimo, alikuwa amepewa nini? Amepewa hukumu isiyo na rufani. Alirudi nyumbani kungoja. Akitoboa siri, jirani haji tena kuazima kinu. Akiificha, imtafune moyoni. Mwenziwe aliyekataa kupimwa, akaishi miaka yake 5 au 8 akichuma kahawa, akicheka na wanawe, akifunga Ramadhani yake kwa moyo mtulivu, je, huyo alikuwa mjinga? Sisi hatuthubutu kumwita hivyo. Kujua kusiko na dawa ni mzigo mzito, na si kila bega laweza kuubeba.

Walakini hata katika zama zile za giza wako waliochagua kujua na kusema. Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, jirani yetu wa upande wa pili wa forodha, alifiwa na mwanawe Masuzyo mwaka 1986, na mwaka 1987 akasimama akatangaza kwamba kilichomwua mtoto wake ni Ukimwi. Wakati ule wakuu wengi wa Afrika walikuwa bado wakilisema gonjwa hilo kama kwamba ni la watu wa mbali. Huko Uganda mwimbaji Philly Lutaaya alijitangaza mwaka 1989, akazunguka mashuleni akiwaonya vijana kwa mwili wake mwenyewe uliokwisha kukonda, na kabla ya mwaka kwisha akafariki. Hao hawakupata afya kwa kujua kwao. Faida ilikwenda kwa wengine. Msomaji alishike neno hili, kwa sababu tutalihitaji tutakaporudi nyumbani kwa dereva.

Kisha mambo yakageuka, tena kwa haraka kuliko akili za watu. Mwaka 1996 nchi tajiri zilianza kutumia dawa zilizochanganywa, na watu waliokwisha kuandika wasia wakainuka vitandani. Mwaka 1999 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Kampala, ukionyesha kwamba dawa nyepesi ya nevirapini, akipewa mama wakati wa uchungu na mtoto baada ya kuzaliwa, huwaokoa watoto wengi. Mwaka 2001 vilianza hapa Tanzania vituo vya ushauri na upimaji vilivyopewa jina la Angaza, na hakika aliyelichagua jina hilo alijua Kiswahili. Mwaka 2004 serikali ikaanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila ya malipo. Tarehe 14 Julai 2007, Rais Jakaya Kikwete na mkewe Mama Salma walipimwa hadharani, Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, watu wakiwatazama. Na tangu mwaka 2016 kila anayekutwa na virusi huanzishiwa dawa, asingoje mpaka mwili udhoofike.

Hebu tutazame lililotokea. Hoja ya mtetezi wetu ilikuwa imejengwa juu ya msingi mmoja, kwamba dawa hakuna. Msingi ule umekwisha kuondolewa, lakini nyumba yaonekana bado imesimama, na watu bado wamo ndani yake. Mwanamume wa leo asemaye kwamba heri asijue, asema maneno ya babake wa mwaka 1992. Babake alikuwa na udhuru.

Mwaka 2011 ulikuja na mambo mawili yaliyopaswa kusomwa pamoja. La kwanza ni matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 9, na miongoni mwake Kenya na Malawi, juu ya wenzi 1,763 ambao mmoja wao ana virusi na mwingine hana. Ilionekana kwamba mwenye virusi akianza dawa mapema, hatari ya kumwambukiza mwenziwe hupungua kwa asilimia 96. Tafiti zilizofuata zikathibitisha kwamba ambaye dawa zimevishusha virusi vyake hata havionekani katika kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa. La pili ni kikombe cha Samunge, huko Loliondo, ambako maelfu kwa maelfu walijipanga wakinywa kwa shilingi 500 dawa ya Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Madaktari waliwasihi wagonjwa wasiache vidonge vyao, wako walioviacha. Hatutaki kumsema mzee yule ambaye amekwisha kufariki. Twawasema wanywaji. Kila aliyerudi kutoka kule alikuwa na swali moja ambalo jibu lake lilipatikana katika zahanati yoyote: je, nimepona? Na wengi walikuwa wamesafiri mchana na usiku katika njia mbovu ili wakinywe kikombe, lakini mwendo wa kwenda zahanati ya jirani kuuliza swali hilo ukawashinda.

Turudi sasa nyumbani kwa dereva. Tuseme ni Mwislamu, ana wake wawili, mmoja Tunduma na mmoja Chalinze, na watoto. Yeye hakupima. Ana afya, ana nguvu, anaendesha usiku kucha. Raha yake ni ya kweli, hatukanushi. Lakini raha hiyo yalipiwa na nani? Kama virusi vimo mwilini mwake, basi wanaoilipia ni wawili ambao hawakuulizwa kama wataka kulipa, na wa tatu ambaye hajazaliwa. Mama mwenye virusi asipopata huduma yoyote, katika kila watoto 100 wa namna yake huambukizwa baina ya 15 na 45, tumboni, wakati wa kuzaliwa, au kwa kunyonya. Mama akitumia dawa sawasawa, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Tofauti ya hesabu hizi mbili haikufichwa katika hospitali kubwa za ng'ambo. Imo katika swali ambalo baba hakutaka kuuliza.

Ndiyo maana twasema kwamba msemo wa bata, hata ukiwa wa kweli, una mipaka. Atakayemla bata bila ya kuchunguza na amle, tumbo ni lake. Hapa sahani ni ya watu wengi.

Na kuna jambo jingine nyumbani humo ambalo lastahili kusemwa wazi kuliko lisemwavyo. Mwanamke akipata mimba huenda kliniki, na kliniki hushauriwa kupima. Kwa hiyo mara nyingi mke ndiye wa kwanza kujua. Arudipo na habari, huonekana kwamba yeye ndiye aliyeileta, kwa kuwa yeye ndiye aliyeitamka. Wako waliotukanwa, wako waliorudishwa kwao na mimba zao, na wako ambao kwa kuogopa hayo walimeza vidonge kwa siri, wakivificha katika unga au chini ya godoro, au wasivimeze kabisa. Mume ambaye hakuuliza kitu maisha yake yote ndiye anayekaa kitini kuhukumu. Twauliza: katika nyumba hiyo, mjinga ni nani, na raha ni ya nani?

Waganga wetu wa siku hizi wamepata njia iliyo bora, nayo ni kuwaita mume na mke waje pamoja, wapimwe pamoja, waambiwe pamoja. Wakienda pamoja hapana wa kwanza. Ni jambo dogo, ila limeokoa ndoa nyingi kuliko nasaha nyingi, na twaona ajabu kwamba wanaume wanaosafiri siku tatu kwa lori waona kliniki ya mtaani kuwa ni mbali.

Wako watakaotujibu kwa dini, nasi hatuna haki ya kuyapita maneno yao. Watasema kwamba katika Sura ya Al-Maida, Aya ya 101, waumini wamekatazwa kuuliza mambo ambayo wakidhihirishiwa yatawasikitisha. Kweli, makatazo hayo yamo. Lakini wafasiri wa Qur'ani wameeleza yaliteremka kwa sababu gani: wako watu waliokuwa wakimwuliza Mtume (s.a.w.) mambo yasiyowahusu au yatakayowaongezea taklifu, mmoja akitaka kujua babake ni nani, mwingine akiuliza kama Hija ni ya kila mwaka. Hayo yalikuwa maswali ambayo kunyamaza kwake hakumdhuru mtu. Kuyageuza yakawa ni kinga ya mume asiyetaka kujua kama anamdhuru mkewe ni kuyabebesha yasiyoyachukua, khasa katika dini ambayo moja ya misingi ya sheria yake ni kuondoa madhara.

Kipo pia kisa kilichopokewa katika Sunan ya Abu Daud, nacho ni cha maradhi hasa. Mtu mmoja safarini alijeruhiwa kichwa kwa jiwe, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenziwe kama aweza kutayamamu. Wakamwambia hawamwonei ruhusa, maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari alichukizwa mno, akawalaumu kwa kutokuuliza wasilolijua, akasema kuwa kuuliza ndiko kunakotibu hali hiyo. Tazama kwamba yule maiti aliuliza. Walaumiwa ni wale waliokuwa na utulivu wa kujibu bila ya kujua, na utulivu wao ukamwua mwenzao.

Na utulivu wa namna hiyo tunao sisi Waislamu kwa sehemu yetu. Twasikia ikisemwa katika barza: sisi twatahiri, haya hayatuhusu. Ni kweli kwamba tafiti zilizofanywa Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, zikatangazwa baina ya mwaka 2005 na 2007, zilionyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa kiasi cha asilimia 60. Lakini 60 si 100, na hesabu hiyo ni ya mwanamume. Mkewe hapati kinga hiyo. Mwenye kuisikia nusu ya habari akaridhika nayo ana hali mbaya kuliko asiyesikia chochote, maana huyu wa pili aweza siku moja kuingiwa na shaka.

Hatusemi kwamba watu wote wamelala. Uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 10 wenye virusi, kiasi cha 6 ndio waliokuwa wakijijua. Uchunguzi wa 2022 na 2023 ukakuta kwamba wanaojijua wamefika asilimia 82.7, na katika hao karibu wote, asilimia 97.9, wametumia dawa. Hili la pili latufurahisha kuliko la kwanza, kwa sababu lajibu hofu ya miaka yote, kwamba ukimwambia mtu atavunjika moyo. Hawakuvunjika. Waliambiwa, wakalia, wakachukua vidonge, wakarudi kazini. Wanaobaki ni wale 17 katika 100, na kwa kuwa watu wazima wenye virusi nchini wanakadiriwa kuwa milioni 1 na nusu, hao 17 wakikusanywa ni kama robo milioni ya watu. Madaktari husema wanaume ndio walio nyuma.

Yapo hata hivyo maswali ambayo sisi wenyewe twaona heri yasiulizwe, na tungekuwa wadanganyifu kama tusingeyataja. Jibu likitoka kwamba vimo, swali la pili ambalo hurukia ulimi ni: umevitoa wapi? Nani? Lini? Swali hili hufanana na lile la kwanza, nalo ni kinyume chake. Lile la kwanza latafuta dawa. Hili latafuta mshitakiwa. Kipimo hakilijibu, kwa maana virusi vyaweza kukaa mwilini miaka mingi bila ya dalili, pengine tangu kabla ya ndoa. Atakayelifuata ataingia katika kupekua simu na mifuko na kuhoji majirani, na huko ndiko kupelelezana ambako Sura ya Al-Hujurat imekukataza waziwazi. Hapa bata na aachwe.

Vivyo hivyo haijuzu kumlazimisha mtu ajijue. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 juu ya Ukimwi imekataza kumpima mtu kwa nguvu, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa humo, na imeagiza majibu yawe siri yake. Saudia, tangu mwaka 2008, imetia kipimo hiki katika vipimo vya lazima kabla ya ndoa. Kwetu ni hiari. Wazazi waozeshao waweza kuomba wachumba wapime, na mashehe waliowahi kulihimiza hilo tunawaunga mkono, lakini ombi na liwe kwa pande mbili. Tumesikia habari za posa ambapo upande wa mume ulitaka cheti cha binti, na ulipoulizwa cheti cha kijana ukaona umetukanwa.

Yule dereva wa foleni naye amefanyiwa njia nyepesi. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa ili mtu mzima aweze kujipima mwenyewe, kwa kipimo cha kupangusa fizi, akiwa peke yake. Jibu huonekana kwa dakika 20 hivi, na foleni ya Tunduma haijapata kuwa fupi kiasi hicho. Kikionyesha kwamba vimo, hilo si neno la mwisho: yampasa aende kituoni akapimwe tena kwa damu, maana kipimo cha kwanza ni cha kubisha hodi tu. Ikithibitika, ataanza dawa. Na akishatulia hupewa vidonge vya miezi kadhaa kwa mara moja, hata aweze kuvuka Nakonde, afike Lubumbashi, ashushe mzigo na kurudi, asikose kumeza hata siku moja.